Wastani wa Asali ya Mitundu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Hata viatu sijavua. Naandika na hasira zangu hivi hivi, kabla hazijapoa.

Jana nimetoka Mkalama, wiki mbili za kuhesabu alizeti kwenye mashamba ya watu, nikajua leo nitapumua. Wapi! Asubuhi bosi Chediel katuita chumba cha mikutano. Kuna chati ukutani. Kaitengeneza mwenyewe — mimi, afisa takwimu wa mradi, nikiwa sipo. Pau tatu, rangi tatu. Vikundi vyetu vitatu vya wafuga nyuki: Mtinko, Kilimatinde, Mitundu. Kila kikundi kilitoa makopo thelathini ya asali, kopo moja kwa kila mwanakikundi, likapimwa maji yaliyomo. Bosi kachukua wastani wa kila kikundi, kauchora pau. Mtinko 18.9. Kilimatinde 17.8. Mitundu 22.6!

Na mstari mwekundu kwenye ishirini. Mnunuzi hataki asali yenye maji kupita asilimia ishirini, inachacha njiani.

"Mitundu wanachakachua," akasema. Si "huenda". Si "tuchunguze". Wanachakachua, wanatia maji! Alhamisi ya wiki ijayo mnunuzi anakuja Manyoni, vikundi vyote vitakuwepo, na Mitundu watatolewa kwenye mkataba mbele ya kila mtu ili iwe fundisho. Kilimatinde watapewa cheti cha kikundi cha mfano. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza.

Kikundi cha Mitundu ni kina mama watupu. Mwenyekiti wao ni Damari, mdogo wake mama, tumbo moja. Ndiye aliyenilea miaka yote mama alipokuwa anauzia wali abiria wa treni pale Itigi. Mama mdogo Damari atie maji kwenye asali? Yule ambaye ukimrudishia sufuria hujaisugua masizi anakugeuza nayo mlangoni?

Nilinyoosha mkono nikaomba data yenyewe, kopo kwa kopo. Bosi akacheka. Eti, "Eliana, wastani ni wastani." Haya. Tutaona.

Jumanne, 15 Julai

Faili nimelipata kwa Sikudhani, mwenzangu wa ugani, tunayegawana naye dawati na birika. Nimeliingiza kwenye R, programu yangu ya takwimu. Mara ya kwanza R ikanitukana kwa maandishi mekundu — mtu kaandika "Mitundu" sehemu nyingine na "mitundu " yenye nafasi mwishoni sehemu nyingine, kompyuta inadhani ni vijiji viwili. Nikasafisha. Nikachora boksploti, kisanduku kimoja kwa kila kikundi, chenye mstari wa kati na masharubu juu na chini.

Mtinko kisanduku cha kawaida tu. Cha Mitundu, Mungu wangu, kirefu kama mlango! Kimeanzia kumi na nane kikapanda mpaka ishirini na saba. Na mstari wake wa kati, unaogawa makopo nusu kwa nusu, uko 19. Chini ya mstari mwekundu! Wastani unasema 22.6, kati inasema 19. Hawa wawili wakigombana hivyo, ujue kuna kitu ndani ya sanduku.

Nikaweka nukta. Kila kopo nukta yake, nikazitawanya kidogo pembeni zisilaliane. Na hapo nikasimama kabisa kwenye kiti.

Ni makundi mawili! Nukta kumi na sita zimekusanyika chini, kwenye kumi na nane na kitu. Nukta kumi na nne zimekusanyika juu, kwenye ishirini na saba. Katikati hamna. Nimetafuta kopo hata moja lenye 22 — hakuna. 21 hakuna. 23, 24 hakuna. Bosi anataka kuwafukuza watu kwa namba ambayo haimo kwenye kopo la mtu yeyote! Ukimjumlisha ng'ombe na kuku ukagawanya kwa mbili hupati mbuzi.

Na jingine. Mtu akitia maji anatia kwa mkono wake, huyu kikombe, yule nusu, nukta zingesambaa ovyo. Hizi kumi na nne zimeshikana. Kuna sababu moja. Siijui, lakini ipo.

Kilimatinde nacho ni kituko. Kisanduku hakipo! Mstari tu, umelala. Nikadhani nimekosea kuandika amri. Nimerudia mara tatu, nimefuta kila kitu nimeanza upya. Mstari ule ule. Makopo thelathini ya watu thelathini, yote 17.8 au 17.9. Nimechoka, nitaangalia kesho.

Jumatano, 16 Julai

Nimempelekea bosi michoro. Kaitazama kwa muda wa kupiga chafya. "Haya madude nani atayaelewa? Mnunuzi anataka pau." Nikamwambia aangalie nukta, kila moja ni mtu. Akaegemea kiti. "Nimesikia mwenyekiti wa Mitundu ni mama yako mdogo." Nikasema ndiyo. "Basi." Basi! Neno moja. Eti nukta zangu zina undugu!

Nimetoka nikaenda kusimama nje kwenye upepo. Upepo wa Singida mwezi huu unakwangua uso, na leo niliona afadhali.

Kinachoniuma ni kwamba hajasema uongo. Ni mama yangu mdogo kweli. Kingekuwa kikundi cha Mtinko ningesimama kwenye kiti? Sijui. Lakini R haimjui mama yangu mdogo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefanya hivi. Nimefuta majina ya vikundi. A, B na C tu, nimezipanga upya, nimeondoa hata rangi. Saa ya chai nikamwita Sikudhani. Nikamwambia asiniulize kitu, aniambie tu anachokiona.

Kaweka kikombe chini. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa Mitundu, bila kujua ni nani. "Hawa B ni watu wawili tofauti, mmewachanganyaje?" Nilitaka kumbusu. Kisha akaenda kwa Kilimatinde, akainamisha kichwa. "Na hawa C mbona wamekufa?"

Nikamwambia majina. Sikudhani ndiye aliyekwenda Mitundu kuchukua makopo. Anaapa kila mama alileta lake kwa mkono wake, na alipokelewa vizuri mno, hata kuku alichinjiwa. Hakuonja asali — alifunga kila kopo, akabandika jina, akaja nayo. Kuna iliyokuwa nyepesi, alidhani ni maua tofauti. Mtinko alikwenda yeye pia.

Nikauliza Kilimatinde alikwenda nani. Akanyanyua kikombe, akanywa taratibu. "Bosi mwenyewe."

Chai ikaisha, tukarudi kazini. Lakini akili yangu haikunyamaza. Watu thelathini, mizinga tofauti, wengine mabondeni, wengine juu mlimani, wengine wanarina mapema na wengine wakichelewa — wote wakatoa asali yenye maji sawasawa? Haiwezekani. Hiyo ni ndoo moja. Mtu kakaa mahali pamoja, kaombwa makopo thelathini, kajaza thelathini kutoka ndoo moja, kabandika majina. Na sasa anawapa cheti! Uvivu wake mwenyewe kauita ubora!

Ijumaa, 18 Julai

Mama mdogo kapiga simu. Habari imefika. Mnadani juzi kuna mwanaume kamuuliza mwenzake mbele yao kama amewahi kunywa maji ya Mitundu, wakacheka. Mama Damari hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anaongea polepole, kila neno peke yake, na mimi namjua, hapo ndipo amekasirika kupita kiasi. Alisema kuna mama mmoja mume wake kamwambia aache kikundi, anamtia aibu.

Nimemwambia kesho nakuja. Akauliza kama nakuja kama mtoto au kama ofisi.

Jumamosi, 19 Julai — Mitundu

Basi hadi Itigi, kisha bodaboda. Vumbi limeniingia mpaka masikioni. Nimefika mchana, nikasalimia, "Shikamoo mama," nikajibiwa marahaba bila kutazamwa. Nikakalishwa nje, kwenye kigoda. Mgeni kabisa, si mtoto. Imeniuma hiyo.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kibakuli na kijiko. Asali. Hata akikukasirikia lazima ule kwanza. Nikaramba.

Ikanishtua ulimi. Nyepesi, ina uchachu kwa mbali, harufu ya mti. Naijua tangu utotoni. Ndiyo tuliyokuwa tunapewa tukikohoa, kijiko kimoja, kisha kibuyu kinafichwa juu ya kabati. Asali ya nyuki wadogo! Wale wasiouma, wanaokaa kwenye tundu la gogo, wanaotoa asali kidogo tu. Yao ina maji mengi. Ndivyo Mungu alivyoiumba, hakuna aliyetia chochote!

Nikauliza: "Mama, hii si ya nyuki wadogo?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa mgeni nimpe ile ya kuuza?"

Nilikaa na kijiko mdomoni. Nikauliza yule dada wa ofisini alipokuja mlimpa ipi. Akasema, "Yule si katoka Singida? Kaja kutuomba asali, kaomba kwa adabu, kopo moja moja. Aliyekuwa na ya wadogo alitoa ya wadogo. Asiye nayo alitoa ile ya kawaida, na aliona haya."

Aliona haya! Waliotoa asali ya mkataba, ile yenyewe inayotakiwa, waliona haya kwa wenzao! Na waliotoa iliyo bora, ile ya dawa, ile ya mkwe na mgeni wa heshima, wameitwa wezi. Shukrani ya punda ni mateke. Nilianza kucheka, kisha nikaona nalia, mama mdogo akadhani nimepaliwa.

Alasiri kaita wenzake. Walikuja wote isipokuwa yule aliyekatazwa na mumewe, naye alituma jibu kwa jirani. Sikuwaonyesha mchoro wala sikuwaambia natafuta nini. Niliuliza tu mmoja mmoja, ulitoa ipi? Nikiweka alama. Waliotoa ya wadogo walikuwa kumi na nne. Kumi na nne! Na ni wale wale wa juu, jina kwa jina.

Nikawaeleza. Halafu kelele, Kiswahili kikaisha, wakaendelea kwa lugha ya nyumbani na wala hawakujali kama nafuata. Mama mmoja alikuwa amesimama anapiga goti lake kwa mkono. Anasema hajui tena mgeni akija ampe nini. Mama Damari hakupiga kelele. Akasema, "Wangeuliza tu. Mdomo si wanao?"

Kweli. Fomu yetu ina nafasi ya kuandika simu ya mtu, umri, dini ya kikundi sijui ya nini, lakini haina mahali pa kuuliza ni nyuki gani! Walioitunga sidhani kama wanajua kuna nyuki wadogo duniani. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma, na safari hii sijui nimkasirikie nani kwa jina.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi Singida, sijaenda kanisani, nimefungua laptopu mezani kwa chakula. Nimeongeza safu moja kwenye data: aina ya nyuki. Nikachora upya.

Ule mlango wa Jumanne umepasuka vikawa visanduku viwili vidogo, safi. Nyuki wakubwa wa Mitundu: wastani 18.4. Bora kuliko Mtinko! Nyuki wadogo: 27.4, pale pale panapostahili. Hakuna nukta iliyobaki inaelea. Nimekaa naitazama na ugali unapoa. Ni mchoro mzuri kuliko wote niliowahi kuchora, na umetokana na kuuliza swali moja.

Nimechora faili mbili. Moja ya Mitundu peke yake. Nyingine ya vikundi vyote pamoja, nukta zote, na ule mstari wa Kilimatinde umelala pembeni.

Jumatatu, 21 Julai

Kapoa. Hiyo ndiyo habari. Nimempelekea bosi Chediel faili zote mbili, kasema mlango ufungwe, kaniambia "mwanangu" — hajawahi. Kaangalia mchoro wa Mitundu, kakubali papo hapo. Kasema kazi nzuri sana. Kasema kumbe kulikuwa na jambo la kiufundi. Jambo la kiufundi! Wanawake wanazomewa mnadani, naye anaita jambo la kiufundi!

Halafu akafungua faili la pili. Nikamwona anapiga kalamu mezani.

Akanielezea kwa upole. Hali ilikuwa ngumu, daraja limekatika, watu wamesambaa. Mwanakikundi mmoja alikuwa na ndoo nzuri. Hiyo asali ni ya Kilimatinde, si ya Kilimatinde? Kwani kadanganya kijiji? Kisha akaja kwenye lake. "Alhamisi weka Mitundu peke yake. Mama zako watoke salama, na mimi nitasema mbele ya watu kwamba hawana kosa. Hii nyingine ya nini? Kilimatinde hawajalalamika. Utawatafutia ugonjwa watu wazima wa afya?" Na kama nikitaka kuonyesha zote, basi yeye atalazimika kumweleza mnunuzi kwamba mchoraji ni mtoto wa mwenyekiti wa Mitundu, na waamue wenyewe wamwamini nani.

Nimemwambia nitafikiri. Nilitakiwa kumwambia kitu kingine kabisa.

Jumanne, 22 Julai

Nimekubali.

Jumatano, 23 Julai

Sina amani. Nimemgombeza mpaka muuza nyanya leo, hana kosa lolote, nimerudi kumwomba radhi.

Sikudhani kaniuliza nimeamuaje. Nikamwambia. Hakunisema vibaya, na ndiyo mbaya zaidi. Akasema tu, "Hivi mzigo wenyewe wa Kilimatinde ukipimwa kule unakopelekwa, ukikutwa tofauti na cheti, nani ataitwa mwizi?" Si Chediel. Wataitwa wazee wa Kilimatinde. Watazomewa kama mama mdogo alivyozomewa, na wao hawatakuwa hata na asali ya mgeni ya kujitetea nayo.

Chediel aliwaficha watu ndani ya wastani. Mimi nawaficha kwa kutobonyeza faili. Namchukia, na leo nikijitazama kwenye kioo cha simu sijipendi sana mimi mwenyewe. Lakini mama mdogo! Atasimama mbele ya watu wote wale. Nikionyesha zote na wasiniamini, atakaa chini akiwa mwizi. Penye miti hapana wajenzi, na mimi niliye mjenzi nimepewa mti mmoja nichague nyumba ya nani.

Alhamisi, 24 Julai — Manyoni

Mapumziko ya chai. Naandika kwenye kiti changu mbele ya ukumbi, jirani na projekta.

Ukumbi ulijaa. Mitundu walikuja wote na vitenge vya sare, wamekaa mstari wa nyuma, hakuna aliyewasogelea. Kilimatinde upande wa dirisha, wazee watupu, makoti kwa baridi. Mnunuzi ni mama mmoja anaitwa Asnath, mkali wa macho, anaandika kila kitu.

Nilionyesha Mitundu. Kwanza kile kisanduku kirefu kama mlango. Kisha nukta. Kisha nikazigawa kwa nyuki. Ukumbi mzima uliona, hata sikumaliza kueleza! Mzee mmoja wa Mtinko alipaza sauti, "Kumbe ni ya wadogo! Mmewapa ya wadogo!" watu wakaangua kicheko, lakini kicheko kizuri. Mama Asnath akauliza maswali mawili, nikajibu, akaitikia kwa kichwa.

Chediel akasimama. Akatabasamu. Akasema mradi umewasamehe Mitundu.

Umewasamehe! Nilihisi damu inapanda mpaka machoni. Lakini mama mdogo alishasimama. Hakuomba nafasi. "Bwana, msamaha ni wa mkosaji. Sisi ni wa kuombwa radhi." Akakaa. Makofi yakaanzia upande wa Mtinko. Chediel alicheka peke yake. Mama Asnath ndiye aliyesema pole, kwa mdomo wake, akitazama mstari wa nyuma. Wamerudi kwenye mkataba. Imeisha, nimepata nilichotaka, ningeweza kufunga laptopu.

Ikaja zamu ya cheti. Chediel kaita Kilimatinde, kawasifu, asali yao haibadiliki hata chembe, hawa ndio wa kuigwa. Mwenyekiti wao akainuka kwenda kupokea. Hapo ndipo mzee mmoja pale dirishani akasimama pia. Mzee Simeoni, mrefu, kofia mkononi. Alianza kwa kusalimia vizuri, akamsifu bwana mkubwa, kisha akasema ana swali dogo la mtu asiyesoma. Amesikia kila mwanakikundi kopo lake limepimwa. "Mimi tangu masika nilikuwa Dodoma, namuuguza mke wangu. Nimerudi wiki iliyopita. Mizinga yangu sijairina hata mmoja. Sasa hilo kopo langu lilitoka wapi? Nauliza ili nikafurahi na mimi."

Watu walicheka tena. Mama Asnath hakucheka. Akaweka kalamu chini. Aligeuka, si kwa Chediel — kwangu. Kasema, "Binti, na mchoro wa Kilimatinde upo?"

Kabla sijafungua mdomo Chediel akasema chai inapoa, tukirudi tutaendelea.

Basi wako kwenye chai. Mama Asnath yuko mlangoni na kikombe, ananitazama mara kwa mara. Mama mdogo kanipitia, kaweka maandazi mawili mezani kwangu, kaninong'oneza kwamba kama kuna kingine nisimfikirie yeye, yeye ana mdomo wake. Sijui kajuaje. Chediel yuko kule kwenye birika, anamimina vikombe viwili, na huwa hanywi chai.

Nina hasira naye. Nina hasira na daraja lililokatika, na fomu, na ile pau yake ya kijani. Nimeshabonyeza faili la pili. Laptopu ya ofisi hii ni nzito, inazunguka, inazunguka. Projekta haikuzimwa. Sikuizima. Nimesema nitatazama kwanza mwenyewe, lakini ukuta wote uko nyuma yangu na unatazama pia.

Imefunguka.

Chediel anakuja, anatembea haraka sasa, chai inamwagika kwenye sahani. Lakini Mzee Simeoni kafika kwanza. Kasimama mbele ya ukuta na andazi lake, nukta zinamwangukia kofiani. Kasoma majina ya vikundi kwa sauti, taratibu, mpaka kafika kwenye chake. Nimemwambia kila nukta ni kopo la mtu mmoja. Sasa kanyoosha kidole kwenye ule mstari, anaupitisha kutoka mwanzo hadi mwisho, ananiuliza ipi ni yake —